JASHO LA KAZI NA JASHO LA MCHEZO

Ndugu Wafanya Kazi wa Reli,

Kila mara tunapofungua redio kusikiliza habari za afya tunaambiwa kwamba watu wa Kenya hawafanyi mazoezi ya mwili, ya kwamba tunaketi sana na kula sana, na ndiyo sababu magonjwa ya presha na sukari na moyo yameingia nchini. Wanaosema hivyo ni watu wenye elimu, na hatuwadharau. Lakini twauliza, wanasema na nani? Mtu wa gangi aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akaenda kwa miguu mpaka penye njia ya reli, akainua mataruma na kushindilia kokoto mpaka jua likawa kali, kisha akarudi kwake kwa miguu, mtu huyo akisikia ati hafanyi mazoezi atacheka, au atakasirika. Na ndugu yake karani aliyekaa juu ya kiti tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja jioni, akisikia maneno hayo hayo atasema, "Hayo ni ya watu wenye magari na klabu, si yangu mimi." Basi maneno ya daktari yapita katikati yao wote wawili wala hayamgusi hata mmoja.

Sisi twaona kwamba jambo hili ni jambo la chama, kama vile mshahara na likizo vilivyo mambo ya chama. Tunaomba msomaji atuvumilie tukitaja hesabu kidogo, kwa maana bila hesabu wakubwa hutuambia kwamba tunasema kwa hasira tu.

Tuanze na nchi yetu wenyewe. Mwaka 2015 Serikali ilifanya uchunguzi mkubwa juu ya magonjwa yasiyoambukiza, ikawauliza na kuwapima watu wa miaka 18 mpaka 69 katika sehemu zote za Kenya. Walioonekana kwamba hawatumii miili yao kiasi kile kinachotakiwa na Shirika la Afya Duniani walikuwa chini ya 10 katika kila 100. Linganisha na dunia nzima: mwaka 2022 ilihesabiwa kwamba watu wazima 31 katika kila 100 hawatimizi kiasi hicho, yaani watu kama bilioni 1.8. Katika hesabu ya mwaka 2016 nchi ya Kuwait ilikuwa na 67 katika 100, na majirani zetu wa Uganda walikuwa kati ya 5 na 6 tu, wachache kuliko nchi zote zilizohesabiwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba Mwafrika wa huku ni mvivu wa mwili. Hesabu inakataa.

Lakini uchunguzi ule ule wa mwaka 2015 ulisema na mengine. Watu 27 katika kila 100 walikuwa na uzito kupita kiasi, wanawake zaidi ya 38 na wanaume zaidi ya 17. Karibu watu 24 katika 100 walikuwa na presha ya juu. Na zaidi ya nusu ya watu wote walikuwa hawajapimwa presha hata siku moja tangu kuzaliwa. Hapo ndipo penye fumbo. Inakuwaje nchi ambayo karibu kila mtu anatoka jasho iwe ina presha namna hii? Chakula kina sehemu yake, na chumvi, na pombe, na mawazo ya karo na kodi ya nyumba, hayo twayajua. Ila liko jambo jingine ambalo halisemwi, nalo ni jinsi hesabu yenyewe ilivyofanywa.

Katika uchunguzi wa namna hii mtu huulizwa mambo matatu: unatumia nguvu kiasi gani kazini, unatembea au kuendesha baiskeli kiasi gani ukienda na kurudi, na unacheza au kufanya mazoezi kiasi gani wakati wako mwenyewe. Kisha yote matatu yanajumlishwa pamoja. Hivyo hamali anayesukuma mkokoteni wa viazi kutoka Marikiti, na bwana anayekimbia asubuhi ndani ya msitu wa Karura kisha akaenda kuoga maji moto, wote wameandikwa katika mstari mmoja, "Huyu mwili wake unafanya kazi." Katika nchi yetu sehemu kubwa ya jumla hiyo ni ya kazi na ya mwendo wa lazima. Ya mchezo ni kidogo mno. Basi hesabu ile nzuri tunayosifiwa ni hesabu ya jasho la kazi, na swali ni kama jasho la kazi lafanya mwilini yale yanayofanywa na jasho la mchezo.

Swali hili limeulizwa katika nchi nyingine kwa kutazama wafanya kazi kama sisi, na majibu yake yanafaa kujulikana katika kila tawi.

Daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa mishipa ya moyo umeongezeka sana baada ya vita. Hakwenda kwa matajiri. Alikwenda kwa watu wa mabasi ya London. Yeye na wenzake walitazama habari za wanaume kama 31,000, wenye miaka 35 mpaka 64, na mwaka 1953 wakachapisha waliyoyaona. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini karibu siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi kati ya 500 na 750 kila siku ya kazi akikata tikiti. Mshahara haukutofautiana sana, mji ni mmoja, ukungu ni ule ule. Lakini makondakta walishikwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na waliposhikwa hawakufa upesi kama madereva. Wako waliosema kwamba labda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Morris akaenda akatazama daftari za sare za kazi, akaona kwamba kweli suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Lakini walipolinganishwa wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, dereva bado alikuwa katika hatari zaidi. Twawapenda wataalamu wa namna hii, ambao hawaoni haya kupima suruali ya mfanya kazi ili wapate ukweli. Naye Morris aliishi mpaka karibu miaka 100, akafa mwaka 2009.

(Wenye matatu wa Nairobi wangeweza kupimwa vivyo hivyo. Makanga arukaye chini na kupanda tena katika kila stendi, na dereva wake aliyekunjwa nyuma ya usukani tangu alfajiri mpaka usiku. Dawa iko mlangoni, ugonjwa uko kwenye usukani.)

Baada ya mabasi likaja jambo la reli zenyewe. Mwaka 1962 wataalamu wa Marekani walichapisha hesabu ya vifo vya watu wa reli wa nchi ile. Waliwagawa mafungu matatu: makarani wa ofisini, watu wa kugeuza njia na kuunganisha mabehewa, na watu wa gangi za kutengeneza njia. Kwa vifo vya ugonjwa wa moyo, makarani walikuwa mbele, watu wa mabehewa wakafuata, na watu wa gangi walikuwa wachache kuliko wote, karibu nusu ya makarani. Ndugu makarani, tafadhali msikunje karatasi hii na kuitupa. Twaandika haya kwa kuwapenda, na kwa maana ofisini kuna heshima nyingi lakini kiti hakijui heshima ya mtu.

Mtu akiishia hapo ataona kwamba jambo limekwisha: gangi oyee, na wenye gangi wasilalamike, kwa maana kazi yao ni dawa. Hivyo ndivyo wakubwa wengine wangependa tusome. Lakini mwaka 2021 kulichapishwa habari nyingine kutoka Denmark, ya watu zaidi ya 100,000 wa mji wa Copenhagen na kandokando yake. Hao waliulizwa mbali mbali, jasho la kazini peke yake na jasho la wakati wao wenyewe peke yake. Waliotumia mwili sana katika mchezo na matembezi yao walikufa wachache. Lakini wale ambao kazi yao ilikuwa nzito kuliko zote walikuwa na hatari ya kufa kama sehemu 27 katika 100 zaidi ya wale waliokaa, hata baada ya kuhesabu sigara, unene wa mwili na hali ya maisha. Jasho la mchezo linaongeza siku, jasho la kazi linapunguza. Maneno mazito hayo.

Msomaji mwepesi atasema, mbona gangi ya Marekani yasema hivi na Copenhagen yasema vile? Ni haki kuuliza. Jibu moja ni kwamba mtu wa gangi akianza kuugua moyo haendelei kubaki gangini, huhamishwa au huacha kazi, na wanaobaki ni wale wenye nguvu; hivyo hesabu ya gangi hupendeza kidogo kuliko hali ilivyo. Wako pia wataalamu wanaobishana na wale wa Denmark mpaka leo, wakisema kwamba umaskini haupimiki wote katika karatasi. Lakini sisi tulioshika nyundo twafikiri maelezo yao yanaingia akilini. Mchezo ni wa muda mfupi: moyo unapiga mbio nusu saa, kisha unapumzika, na katika kupumzika ndipo unapopata nguvu. Kazi nzito ni saa nane au kumi, moyo uko juu mchana kutwa na presha haishuki. Kuinua kitu kizito na kukishikilia huku umekunja mgongo si sawa na kukimbia, maana damu inabanwa. Tena mchezaji akichoka huketi kando ya kiwanja, lakini mfanya kazi akichoka hutazamwa na msimamizi. Na kesho yake kabla mwili haujarudi katika hali yake, saa ya kazi imelia tena.

Tofauti basi si jasho. Tofauti ni pumziko, na ni nani anayeamua lini mtu apumzike. Jambo hilo si la hospitali, ni la mapatano ya kazi.

Na liko jambo la pili ambalo twaliona kwa macho yetu kila mwaka. Mwenzetu amefanya kazi ya nguvu miaka kumi na mitano, hajacheza kitu tangu shule, maana mwili umeshachoka na jioni anataka chai na kulala. Halafu anapandishwa cheo, au mashine inaletwa, au anahamishiwa mezani. Siku hiyo hiyo jasho limekwisha, na kwa kuwa hakuwa na desturi ya mchezo hakuna kitu kinachoshika mahali pake. Chakula ni kile kile cha gangi, sima mlima mzima, na sasa kuna nyama kwa sababu kuna mshahara. Baada ya miaka mitatu ana kitambi, na jamaa wanamsifu, "Bwana, umenawiri." Twajua wengi waliosifiwa hivyo kisha tukachanga fedha za kuwasafirisha nyumbani ndani ya sanduku, hawajafika miaka 50. Kitambi kwetu bado ni cheti cha cheo. Watu hudhani mtu aliyepata gari kisha akaonekana anatembea ameanguka.

Hata mashambani desturi ya kutembea inapungua. Tangu mwaka 2008, kodi ilipoondolewa kwa pikipiki ndogo, bodaboda zimejaa mpaka kijiji cha mwisho, na vijana wengi wamepata riziki, nasi hatuwaonei wivu. Lakini mama aliyekuwa akienda sokoni maili mbili sasa anapanda, na mtoto wa shule anapanda. Wataalamu waliwahi kuwapima vijana wa Nandi, wakaona wale wa mashambani wana mwendo na wepesi kupita wale wa mjini, ingawa ni kabila moja na damu moja. Basi wepesi huo hautoki katika damu tu. Ukiacha kuutumia unakwenda zako.

Hapa wengine hututajia mashujaa wetu wa riadha, kana kwamba ushindi wao ni mazoezi yetu sisi. Tunakaa mbele ya televisheni na soda mkononi tunasema, "Sisi Wakenya twakimbia." Wanaokimbia ni wale. Lakini tuwatazame vizuri, maana wana fundisho la chama ndani yao. Naftali Temu aliyetuletea medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, kule Mexico mwaka 1968, alikuwa askari wa jeshi. Kipchoge Keino aliyeshinda mita 1,500 katika michezo hiyo hiyo alikuwa polisi. Na baada yao wakimbiaji wengi wametoka katika jeshi, polisi na magereza. Kwa nini huko? Miguu ya askari si mirefu kuliko ya wengine. Ni kwa sababu askari yule alipewa saa za mazoezi katika saa za kazi, akapewa kiwanja, akapewa mwalimu, na mshahara wake haukukatwa. Alipopewa nafasi, mfanya kazi yule akaishangaza dunia. Hatusemi kila mtu wa reli atapata dhahabu, kwa maana wengine wetu magoti yanalia tukipanda ngazi za stesheni. Twasema kwamba nafasi hutangulia mazoezi.

Na nafasi ya mtu wa kawaida ikoje? Tutazame mwendo wa miguu tu, ambao ni mazoezi ya bure kuliko yote. Nairobi ni mji wa wenda kwa miguu. Nenda ukasimame Barabara ya Jogoo, au njia ya kutoka Mukuru kwenda kwenye viwanda, saa kumi na mbili asubuhi, uone mto wa watu. Lakini mtu huyo anatembea wapi? Anatembea kando ya lori, juu ya matope, akiruka mitaro. Mwaka 2023 watu zaidi ya 4,000 waliuawa katika barabara za Kenya, na fungu kubwa kuliko mafungu yote lilikuwa la wenda kwa miguu. Kule Kibera watu hutembea juu ya njia ya reli yenyewe kwa sababu ndiyo njia iliyonyoka na isiyo na gari, nasi tulio upande wa treni twajua hofu ya dereva apigapo honi huku akiona migongo ya watoto mbele yake. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa mpango wake wa wenda kwa miguu na wenye baiskeli, ikaahidi kutenga sehemu 20 katika 100 ya fedha zake za barabara na usafiri kwa ajili yao. Mwaka 2022 tukafunguliwa barabara kuu ya juu, kilomita 27, nzuri sana, na mwenda kwa miguu haruhusiwi kuikanyaga. Wako wanaosema wachuuzi wafukuzwe kando ya barabara ili watu wapate njia. Sisi hatusemi hivyo. Mchuuzi ni mfanya kazi asiye na mwajiri. Njia ipanuliwe, si mtu afukuzwe.

Viwanja navyo vinapungua. Tunajua kiwanja kimoja cha mpira, hatutataja ni cha nani, ambacho wafanya kazi walikichezea kila Jumamosi kwa miaka mingi. Siku moja walikuta uzio wa mabati na mlinzi. Waliuliza, wakaambiwa barua itakuja. Mabati yameshika kutu na barua bado inakuja. Vijana waliokuwa wakicheza pale sasa hukaa kwenye baraza ya duka wakitazama mpira wa Uingereza katika simu.

Nao akina mama tuwaseme nini? Tumeona kwamba wanawake wenye uzito kupita kiasi ni zaidi ya mara mbili ya wanaume. Wanaume wengine hucheka jambo hili. Wasicheke. Mama anayefagia ofisi zetu ameamka kabla ya mumewe, ameteka maji, ameandaa watoto, na akirudi jioni anaanza kazi ya pili isiyo na mshahara. Akitaka kutembea kwa ajili ya afya atatembea saa ngapi? Alfajiri kuna giza na wezi, na jioni vivyo hivyo. Kiwanja kikiwepo wanaume wamekishika chote kwa mpira wao, na mama akionekana anakimbia mtaani watu huuliza ameibiwa nini. Tawi lolote litakaloomba kiwanja bila kutenga siku ya netiboli na ya matembezi ya akina mama litakuwa limeomba nusu.

Sasa tuseme kiasi chenyewe kinachotakiwa, kwa maana wengi hudhani ni kukimbia mpaka utapike. Shirika la Afya Duniani, katika mafundisho yake ya mwaka 2020, lasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kiasi, au nusu yake akifanya kwa nguvu, na siku mbili au zaidi afanye ya kukaza misuli. Watoto wapate saa nzima kila siku. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa kiasi ni ule ambao ukienda na mwenzako unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Wala si lazima iwe nusu saa mfululizo, dakika kumi hapa na kumi pale zinahesabiwa. Karani anaweza kuyapata yote haya bila kununua hata kiatu: ashuke kituo kimoja kabla ya kwake, apande ngazi aache lifti, asimame kila saa moja, na jioni aruke kamba nyuma ya nyumba pamoja na watoto wake. Dereva wa treni akifika mwisho wa safari atembee urefu wa treni yake aende na kurudi kabla ya kuketi tena kula.

Mtu wa gangi twamwambia mengine kabisa. Yeye asiongezewe mbio juu ya mataruma. Akitoka kazini anyooshe mgongo na mapaja, alale usingizi wa kutosha, na siku yake ya mapumziko akipenda acheze kidogo kitu cha kumfurahisha ili mwili ujifunze kwenda bila kuamriwa. Siku atakapowekwa mezani, desturi hiyo itamkuta. Na wote, karani na gangi, wapimwe presha. Mfuko wa kupimia hufungwa mkononi dakika mbili, hauumi, na presha haina kengele ya kukuamsha.

Lakini hatutaki maneno haya yawe mzigo wa mfanya kazi peke yake. Twaona mabango ya afya yakibandikwa ukutani mwa ofisi na wale wale walioondoa dakika za chai. Bango halimpumzishi mtu. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeahidi kila mtu afya bora inayowezekana, na imempa kila mfanya kazi haki ya hali nzuri ya kazi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa angalau siku moja ya kupumzika katika siku saba. Siku hiyo iwe siku kweli, si siku ya kuitwa kwa simu saa tatu asubuhi kwa sababu behewa limeanguka na hakuna watu. Kama watu hawatoshi, waandikwe wengine.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mapatano yatakapofunguliwa tena, wajumbe wetu wasiende na neno la mshahara tu. Wadai mapumziko mafupi kila baada ya saa mbili za kazi nzito, yakiandikwa katika mapatano na si kwa hisani ya msimamizi. Wadai watu wa kutosha na vyombo vya kuinulia, ili mtu asiinue peke yake chuma cha watu wanne. Wadai presha ipimwe kazini, ndani ya saa za kazi, na atakayeonekana mgonjwa apewe kazi inayomfaa bila kushushwa mshahara, kwa maana pasipo hilo la mwisho hakuna hata mmoja atakayenyoosha mkono apimwe. Wadai kiwanja, na mahali pa kuoga na kubadili nguo, ili mtu anayetaka kuja kazini kwa baiskeli asikae mezani akinuka. Wakubwa watasema ni gharama. Watuonyeshe basi wamelipa kiasi gani kwa matibabu, kwa siku za ugonjwa, na kwa mazishi, tuweke karatasi mbili pamoja tuzisome.

Sisi wa tawi letu tumekwisha anza na lile lisilohitaji ruhusa. Kila Alhamisi baada ya kazi tunatembea pamoja kwa nusu saa, makarani na gangi na akina mama wa ofisi, na gangi ndio wanaotembea polepole kwa sababu wamechoka, na makarani hawaruhusiwi kuwapita. Twaomba matawi mengine yatuandikie kabla ya mkutano ujao wa wajumbe: mna kiwanja au hamna, kazi nzito ya kwenu ina mapumziko ya dakika ngapi, na wangapi katika ninyi wamepimwa presha mwaka huu. Karatasi zipelekwe kwa katibu wa tawi, ziwe na hesabu wala si majina.

Ni sisi ndugu zenu,
Wafanya Kazi wa Njia na Ofisi